Uzoefu wangu wa miezi minane na sabuni ya nazi ya kufulia

Tangu masika yaliyopita, nguo zote za nyumbani kwetu Makunduchi, isipokuwa sare nyeupe za skuli, hufuliwa kwa sabuni ninayoitengeneza mwenyewe kwa mafuta ya nazi. Kilichonisukuma si bei ya mche wa sabuni peke yake, bali pia maji ya kisima chetu, ambayo kwa kuwa yanapita katika mawe ya matumbawe yana chokaa na chumvichumvi, hata sabuni nyingi za dukani hazitoi povu la maana na huacha utando mweupe kwenye beseni. Sabuni ya nazi haina tatizo hilo la povu. Hutoa povu hata kwa maji ya bahari, jambo ambalo nililijaribu pwani kabla ya kuliamini.

Kipimo changu ni kilo moja ya mafuta, gramu 180 za kostiki soda na gramu 350 za maji ya mvua. Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo na nje penye upepo, huku nimevaa glavu na miwani; ukigeuza utaratibu huo huchemka ghafla na kuruka usoni. Ikishapoa huchanganywa na mafuta na kukorogwa mpaka iwe nzito kama uji, kisha humiminwa katika kisanduku cha mbao, hukatwa kesho yake na huachwa kivulini wiki nne au zaidi.

Mara ya kwanza nilipima kwa kikombe badala ya mizani, na sabuni ikatoka kali mno, ikanichunyua vidole na kuichujua doti ya khanga ambayo sikuwa nimeivaa zaidi ya mara mbili. Isitoshe, nilikorogea katika sufuria ya alumini, ambayo ilianza kutokota bila moto na kugeuka nyeusi, kwa sababu kostiki huila alumini. Sasa natumia ndoo ya plastiki ngumu. Kosa la tatu lilitokana na zawadi: wifi yangu aliniletea mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kutoka Pemba, nami nikayatia kwa ajili ya harufu, na baada ya dakika chache mchanganyiko ukaganda ndooni kama udongo wa kukandikia nyumba. Tangu hapo sitii manukato. Nguo zikishakauka nazifukiza udi, basi.

Katika kufua, jasho na mafuta ya samaki hutoka vizuri. Doa la bizari ya manjano hugeuka jekundu likiguswa na sabuni hii, jambo lililonitisha, lakini baada ya kuanikwa juani siku mbili lilififia kabisa. Kasoro yake ni kwamba huyeyuka upesi ikiachwa kwenye maji, na hukausha mikono kuliko sabuni ya kuogea.

Ama kuhusu kuokoa fedha, nitasema bila kupamba. Lita moja ya mafuta hunichukulia nazi kumi na nne hivi, na nazi hizo ni za minazi aliyotuachia bibi. Makumbi na vifuu ndiyo kuni zangu za kuchemshia tui, na chicha huliwa na kuku, kwa hiyo ninachonunua ni kostiki tu. Mwezi mmoja nazi zilipopungua nilinunua mafuta katika soko la Darajani mjini, na nilipopiga hesabu nikakuta sabuni yangu imenigharimu kuliko miche ya dukani, achilia mbali asubuhi nzima ya kukaa juu ya mbuzi nikikuna. Mwezi huo ningefanya vyema kununua mche.

Jirani yangu ameniomba nianze kumuuzia. Nimempa vipande viwili bure, kwa kuwa bei ambayo ingenilipa mimi kwa kukuna nazi zile ingemshinda yeye kununua.