Zirkonia: nililaumu diski kumbe shida ni biti

Hizi diski za zirkonia, kauri ngumu ya kutengenezea meno, nimezitumia karibu mwaka sasa pale maabara ya meno, na mwanzoni nusura nizirudishe. Krauni, yaani kofia za meno, zinatoka kwenye mashine ya kuchonga kingo zimemeguka kama biskuti, hasa pale pembamba panapokaa jirani na fizi, nikafungua diski nyingine, yale yale. Siku nikaiweka biti, kile kijiti cha kuchongea chenye chembe za almasi, chini ya lenzi, aisee, almasi zote zimeisha, ncha ina kipara, na mimi naikimbiza spidi ile ile ya siku zote. Kuweka mpya na kupunguza mwendo pale ukingoni, basi, shida ikaisha siku hiyo hiyo.

Diski inakuja laini kama chaki, unachonga krauni kubwa kuliko inavyotakiwa halafu inaingia kwenye tanuru nyuzi kama 1500 na kusinyaa kwa asilimia 20 hivi. Watu wanadhani moto utaziba makosa, hauzibi, ufa ulioachwa na biti mbovu unatoka nao tanuruni.

Kilichoniuma zaidi ni krauni moja iliyozidi urefu kidogo mdomoni, daktari akaisaga na biti ya chembe kubwa, kavu kavu bila maji, cheche zinaruka, wiki chache ikarudi vipande viwili na lawama zote kwangu. Zirkonia ina ujanja wake, ukiikwaruza fuwele za juu zinabadilika umbo na kuvimba kama asilimia 4, zinaubana ufa usiendelee, ndio maana utasikia mtu anasema kuisaga kunaiimarisha. Sawa, ila hilo tabaka ni jembamba mno, mkwaruzo ukilipita hakuna tena wa kuuzuia. Na hizi za meno ya mbele zinazopitisha mwanga, zenye itria nyingi (oksidi inayochanganywa kwenye zirkonia), huo ujanja karibu hazina kabisa, kwa hiyo hizo usiziguse hovyo jamani.

Siku hizi ikibidi kusaga natumia maji, chembe ndogo, mkono mwepesi, halafu polishi hatua kwa hatua mpaka uso uteleze. Kupaka gilezi, ule utando wa kioo wa kung'arisha, juu ya mikwaruzo siiamini, ikishalika unabaki na msasa unaokula jino la upande wa pili.

Diski naipa nyota nne. Ile moja nimeinyima kwa sababu karatasi yao ya maelekezo imejaa mambo ya tanuru tu, kuhusu biti hamna hata mstari mmoja.