Waandaaji wa shughuli za ufukweni ndani ya hifadhi: kazi safi, ila mabasi duh

Jina la kampuni naliacha maana kwenye usafiri nina la kuwasema. Tuliwapa kazi ya kutuandalia mbio za hisani na mziki kidogo wa jioni kwenye ufukwe ulio ndani ya hifadhi, na kama unatafuta watu wa kukuitikia ndiyo kwa kila kitu hawa usiwasogelee kabisa.

Sisi tulitaka usiku wa mwezi mpevu, picha zitoke kali. Wakakataa palepale, jamaa akafungua jedwali la maji kujaa na kupwa kwenye simu akatuonyesha kwamba mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndo bamvua, maji yanapanda juu kuliko kawaida, ufukwe unabaki mwembamba na watu wakibanwa wanapanda matuta ya mchanga na kukanyaga majani yanayoushikilia ule mchanga usipeperuke. Wakatupangia siku za maji mafu, yaani maji hayapandi sana, mbio zianze maji yanatoka, watu wakimbie kwenye mchanga mgumu wa chini. Hapo ndo niliona hela yetu inafanya kazi.

Taa nazo! Hakuna zile nyeupe za kumulika mpaka mawinguni, walifunga za rangi ya chungwa, fupi, zimefunikwa juu zinaangalia chini, kwa sababu kasa wadogo wakitoka kwenye kiota usiku wanafuata upande wenye mwanga, ambao kawaida ni wa bahari, sasa ukiwasha litaa huku nchi kavu wanakuja kwako. Na kabla ya kupigilia kigingi hata kimoja walizunguka na askari wa hifadhi kukagua viota vya kasa na vya ndege wanaotaga chini mchangani, wakakuta kimoja, steji ikahamishwa bila mjadala.

Maputo hamna, glita hamna, vikombe unawekea amana ukirudisha unapewa hela yako. Mwani mkavu uliotupwa na maji hawaufagii, wanasema ni chakula cha wadudu na ndege, MC wetu akalalamika unanuka, wakamwambia asogee na maiki yake.

Sasa mabasi. Magari binafsi hayaingii, sawa, tulikubali, na kwenda hakukuwa na shida. Kurudi ndo balaa, mziki umeisha watu wote wanataka kuondoka kwa pamoja, mabasi mawili matatu tu yanazunguka, wazee wamesimama gizani maana taa zimezimwa kwa muda uliopangwa (na hilo siwalaumu), ukiuliza kwenye grupu la WhatsApp tiki za bluu halafu kimya. Mtu anayejua maji yatapwa saa ngapi anashindwaje kujua watu watatoka saa ngapi??

Nyota nne. Ningewachukua tena, ila idadi ya mabasi ya kurudi iandikwe kwenye mkataba, na dhamana ya kusafisha eneo ulizeni mapema inarudishwa lini, yetu ilirudi baada ya askari kukagua mchanga.