Ofisi ya nyumbani: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Wengi wakiamua kutenga kona ya kazi nyumbani huanza na meza, kwa kuwa ndiyo inayopendeza pichani. Pesa ikiishia hapo, kiti kinakuwa kile cha kulia chakula, na baada ya wiki chache mgongo unaanza kulalamika. Hapa vitu vimepangwa kwa uzito wake: kinachobeba mwili mbele, kinachobeba kazi kinafuata, halafu macho, halafu umeme na fujo. Urembo uko mwisho. Hatuudharau, ila meza iliyo wazi, mwanga mzuri na nyaya zisizoonekana vimeshafanya sehemu kubwa ya kazi yake.

Usiende dukani bila vipimo. Bandika tepu ya karatasi sakafuni kwa umbo la meza unayoitaka, weka kiti chochote mbele yake, kaa, kisha simama kama anayekwenda kufungua mlango. Nyuma ya meza acha kama sentimita 90 za kiti kurudi. Angalia pia mlango unafungukia wapi, soketi iko ukuta gani na dirisha liko upande upi. Zoezi hili la dakika tano huwaokoa watu na meza ambazo hazikupaswa kuingia chumba kile.

1. Kiti

Cha kwanza kwetu ni kiti chenye mgongo wa wavu na kikalio cha sponji nzito, kinachopanda na kushuka, chenye mikono inayorekebishika. Wavu haushiki jasho, na sponji ya kikalio hustahimili uzito kuliko kikalio cha wavu wa bei nafuu, ambao hulegea katikati. Cha pili ni kiti cha kitambaa chenye sponji mgongoni pia: kinafaa sana, ila kina joto. Cha tatu ni kile cha ngozi bandia kinachoitwa cha bosi. Kinavutia siku ya kwanza, lakini ngozi hiyo ikiwa nyembamba humenyeka, ikianzia kwenye mikono na ukingo wa mbele wa kikalio, palepale penye jasho na msuguano. Viti vya wacheza michezo ya kompyuta tumeviweka nyuma kwa sababu kingo zake zilizoinuka hubana mapaja ya mtu mwenye nyonga pana.

Kijaribu hivi. Kaa hadi mgongo uguse nyuma kabisa. Kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Nyayo zikanyage sakafu yote, na kama nyumbani unafanya kazi peku, vua viatu hapo dukani. Bonyeza kikalio kwa ngumi: ukisikia ubao chini, kiache. Kipandishe juu kabisa, ukikalie dakika kumi. Kikishuka chenyewe polepole, silinda ya gesi inayokiinua inavuja, na silinda haizibwi, hubadilishwa nzima. Miguu iwe mitano, si minne. Magurudumu ya plastiki ngumu ni ya zulia. Sakafu ya vigae au mbao inataka yale laini, la sivyo itachubuka.

Kosa linalowapata hata waliotumia pesa nyingi ni mikono ya kiti kuwa mirefu kuliko nafasi iliyo chini ya meza. Kiti hakiingii, mtu anakaa mbali na kibodi, anainama mbele siku nzima, na mgongo mzuri wa kiti alioununua hauguswi. Pima mikono ikiwa imeshushwa kabisa, kisha linganisha na meza.

Kiti bora kilichotumika hushinda kipya cha bei ya kutupa. Kikague silinda, kikandamize sponji, kisha kipindue uone kama kuna nyufa pale magurudumu yanapochomekwa.

2. Meza

Meza nyingi zina kimo cha sentimita 72 hadi 75. Mtu mfupi akipandisha kiti ili viwiko vilingane na meza, miguu inaning'inia. Aongeze kibao cha kukanyagia. Kina cha sentimita 60 kinatosha kompyuta mpakato, ila skrini kubwa inataka 75. Upana wa 120 unakupa nafasi ya kuandika kwa mkono bila kusogeza kitu.

Upande wa malighafi, tunaanza na plaiwudi ya milimita 18 au mbao ngumu iliyokauka vizuri, juu ya fremu ya chuma. Inafuata chipubodi ya milimita 25 (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) yenye laminesheni, yaani tabaka gumu la juu, kisha MDF, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa. Kioo ni cha mwisho: kinaonyesha kila alama ya kidole, kinarudisha mwanga machoni, na mkono wa kushikia skrini haufai kubanwa juu yake.

Chipubodi si mbaya, adui yake ni maji na kufunguliwa mara kwa mara. Maji yakipenya kwenye ukingo inavimba na hairudi. Kwa hiyo kabla hujatazama rangi, pitisha ukucha kwenye ukanda wa pembeni. Ukanda wa milimita 2 hustahimili kugongwa. Ule mwembamba kama karatasi hunyanyuka konani kwanza, na hapo ndipo unyevu unapoingia. Ukiwa mtu wa kuhamahama, chagua meza ambayo skrubu zake zinaingia kwenye vishikio vya chuma, maana tundu la skrubu kwenye chipubodi tupu hupanuka kila unapofungua.

Shika kona moja uisukume kwa ubavu. Ikiyumba ukiwa dukani, nyumbani itayumba zaidi. Mara nyingi imekosa mhimili wa nyuma. Tazama na droo iliyo chini ya ubao: kutoka sakafuni hadi chini yake pasipungue sentimita 63, ama sivyo mapaja yatagonga.

Meza ya umeme inayopanda na kushuka tunaipendekeza kwa mtu ambaye tayari ana kiti kizuri, si badala ya kiti. Chagua yenye mota mbili, na uijaribu ikiwa juu kabisa, kwa kuwa hapo ndipo udhaifu wa miguu unapojitokeza.

3. Stendi na kibodi

Hakuna kitu cha bei ndogo chenye faida kubwa kama hiki. Kompyuta mpakato ikiwa mezani, shingo inainama muda wote. Inyanyue hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Mwenye miwani ya lenzi mbili aishushe kidogo ili asiinue kidevu. Lakini usinunue stendi bila kibodi na kipanya vya nje: utaokoa shingo na kuumiza mabega. Pesa ikibana, vitabu vinene vinabeba kompyuta vizuri tu. Nunua kibodi kwanza.

Ukitaka mkono wa kushikia skrini, tazama matundu manne mgongoni mwa skrini. Mengi yamepangwa kwa milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100. Linganisha pia uzito wa skrini na ule ulioandikwa kwenye mkono.

4. Taa

Dirisha liwe ubavuni. Likiwa mbele linaumiza macho, likiwa nyuma linang'aa kwenye skrini. Taa ya mezani iwe na shingo inayogeuka, balbu ya kama Kelvin 4000 (kipimo cha rangi ya mwanga), na ikae upande wa pili wa mkono unaoandikia ili kivuli kisianguke kwenye karatasi. Ielekezee kamera ya simu: ukiona mistari mizito ikitembea, balbu inapepesa, chukua nyingine.

5. Umeme na nyaya

Ekstensheni moja nzuri yenye swichi, iliyofungwa chini ya meza, inaondoa nusu ya fujo. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni, na printa ya leza iende kwenye soketi ya ukutani, kwani inapojipasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Waya mrefu ulioviringishwa na kubeba mzigo mkubwa hupata joto, kwa hiyo nunua urefu unaolingana na safari yake. Funga nyaya kwa mikanda ya velkro, si ile ya plastiki inayobidi kukatwa. Kwenye kila plagi bandika kipande cha tepu chenye jina la kifaa. Kama meza inapanda, acha waya wenye ulegevu wa kufika kimo cha juu.

6. Rafu na droo

Kabati dogo la droo lenye magurudumu linashinda rafu ya wazi, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu vitu vidogo havionekani. Vuta droo hadi mwisho: reli za gololi huitoa nzima bila kuinama, zile za vigurudumu vya plastiki huacha sehemu yake ndani. Ukichukua rafu ya mafaili, kina cha sentimita 30 na nafasi ya 35 kati ya ubao na ubao vinatosha. Ubao wa chipubodi wa milimita 18 usiwe mrefu sana bila mhimili. Karatasi ni nzito, nao utapinda.

7. Urembo

Rangi mbili na mbao, basi. Mkeka wa meza, mmea mmoja kwenye chungu chenye kisahani, picha moja kwenye ukuta unaoonekana ukipiga simu ya video.

Siku ya kupanga, funga ekstensheni na trei ya nyaya meza ikiwa bado imelazwa kifudifudi, kisha ndipo uisimamishe ukutani. Baada ya wiki mbili kaza tena skrubu zote za meza na kiti, maana zile za mwanzo hulegea vikishaanza kubeba uzito.