Civil War: futa ile ya DJ

Ngoja kwanza. Zima feni, chomeka hedifoni, ndo tuendelee. Mimi mara ya kwanza sikufanya hivyo, nikaambulia patupu.

Civil War, ya 2024, ya Alex Garland. Trela mmeshaiona, siirudii. Marekani inapigana yenyewe kwa yenyewe, waandishi wanne ndani ya gari moja, wanatoka New York kumuwahi rais Washington kabla hajang'olewa. Sasa mimi nikaenda kuwekewa kwenye flashi, buku tu, kumbe ni ile iliyotafsiriwa na DJ. Jamani! Ma-DJ wetu nawapenda, wamenilea, lakini hii filamu inategemea ukimya, na DJ akiona ukimya anaona kazi.

Sikilizeni, nagonga meza. Ta-ta-ta-ta, risasi zinarindima, yule binti Jessie kachuchumaa nyuma ya wapiganaji na kamera ya baba yake, Nikon FE2, ya mkanda. Anabonyeza, klik! Halafu...

Umesikia? Hakuna kitu. Picha imeganda, nyeusi na nyeupe, kimya. Unajisemea, "duh, picha kali." Kelele zikirudi ndo unakumbuka aliyemo humo anauawa. Narudia, maana wengine mnapeleka mbele: ta-ta-ta, klik... Sekunde hiyo ndo imebeba filamu nzima. Na sekunde hiyohiyo DJ wangu anasema, "Hapo dada kapiga picha, wazee!" Nimeona, kaka! Nina macho!

Ikabidi nilipie ya halali. Bando la wiki limeishia hapo. Poa tu.

Kinachonikera: vita imeanzaje? California na Texas wameungana, kwa nini, hawasemi. Ingawa mpiga picha naye huwa anakuta watu wameshauawa, ilianzaje hakuiona... Hapana, bado imenikera. Ila pale kwenye petroli wamenishika: Lee, yule mpiga picha mkongwe, anatoa dola 300, muuzaji anamwambia hiyo ni hela ya sandwichi. Mpaka Lee alipotaja kuwa ni za Kanada! Hapo hali ya nchi nimeielewa bila kusimuliwa.

Najua mtaniuliza The Bang Bang Club ya 2010, wale wapiga picha wa Afrika Kusini. Ile ni ya watu wa kweli, mmoja wao, Ken Oosterbroek, aliuawa Thokoza, karibu na Johannesburg, tarehe 18 Aprili 1994, siku tisa kabla ya uchaguzi. Itazameni, ila masikioni haikunifanya kitu. Dan Eldon, mpiga picha aliyekulia Nairobi, naye ana filamu yake ya 2016. Aliuawa na umati Mogadishu, Julai 1993, pamoja na mpiga picha mwenzake Hansi Krauss na Wakenya wawili wa timu za habari, Hos Maina na Anthony Macharia. Macharia kazi yake ilikuwa kunasa sauti. Huyo namfanyia video Jumapili, maikrofoni mpya ikifika, hii inakoroma wenyewe mnaisikia.

Kama unayo ile ya DJ, zima sauti... hapana, ukizima yote ukimya utaujuaje? Futa. Futa kabisa.