Taa za bustani: ya sola, ya sensa na ya volti 12, ipi ikae wapi

Habari zenu watazamaji. Leo mezani nina taa tatu za bustani: ya sola ya kuchomeka ardhini, ya ukutani yenye sensa, na seti ya volti 12 yenye transfoma yake. Nitaziwasha zote, lakini kwanza tugeuze boksi tusome yale maandishi madogo.

Tafuta herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni kinga ya maji. IP44 huvumilia maji ya kurukiwa, basi iweke barazani chini ya paa. Taa ya kukaa mvuani, mimi sishuki chini ya IP65: vumbi haliingii, na hata ukiimwagilia kwa mpira maji hayapenyi. Mahali panapotuama maji chukua IP67, ambayo hupimwa kwa kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Sasa tazama boksi la hii ya sola. Limeandikwa “haiingii maji”, namba hakuna. Hapo nimeshaipunguzia alama.

Wati zinakwambia taa inakula umeme kiasi gani. Mwanga unausoma kwenye lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa takriban lumeni 800, na LED inatoa hizo hizo kwa wati 8 hadi 10. Kwa njia ya kupita watu, taa ya lumeni 100 inatosha kabisa. Ukiona boksi linajisifu kwa maelfu ya lumeni kwa ajili ya njia ya maua, liache dukani.

Namba ya mwisho ni ile yenye K, yaani kelvini. 2700 hadi 3000 ni mwanga wa manjano uliotulia. 6500 ni mweupe wa kuelekea bluu. Bustanini nachagua 2700 bila kusita: unapendeza machoni, na kwa kawaida huvuta wadudu wachache kuliko ule wa bluu. Anayekaa nje kupumzika jioni anajua hilo lina uzito gani.

Haya, nazima taa za hapa ndani. Hii ya sola naielekeza kwenye kamera… unaona? Nyuma yake hakuna kitu, giza tupu. Sasa naificha nyuma ya chungu hiki, naielekeza kwenye majani. Mwanga ni ule ule, lakini ghafla unaona jani, ukuta, hadi udongo. Jicho hujipima kwa kitu kinachong'aa kuliko vyote mbele yake. Kikiwa ni balbu, vingine vyote vinapotea. Ndiyo maana nasema kila mara: balbu ifiche, onyesha kile inachomulika. Na hili ni suala la usalama pia, si urembo peke yake. Taa kali inayokupiga usoni pale getini inatengeneza giza zito pembeni yake, na mtu akisimama humo humwoni.

Turudi kwenye sola. Nafungua kifuniko cha chini: ndani kuna betri ndogo ya nikeli ya volti 1.2, inatoka na kurudi bila shida. Hii nimeipenda sana, kwa sababu kwenye taa hizi betri ndiyo huchoka mapema. Ikiwa imefungiwa ndani moja kwa moja, siku betri inapokufa unatupa taa nzima. Zile saa zilizoandikwa kwenye boksi zinataka paneli ipate jua kamili mchana kutwa, basi ukiichomeka chini ya mti usiilaumu. Futa vumbi kwenye paneli. Na kama inakataa kuwaka usiku ilhali betri ni nzima, angalia kama kuna taa nyingine inaimulika: nyingi hutambua giza kupitia paneli hiyo hiyo, hivyo ikimulikwa inadhani bado ni mchana.

Ya ukutani yenye sensa. Sensa ya aina hii inahisi joto linalosogea. Inamnasa vizuri mtu anayekatiza mbele yake, na inachelewa kwa anayeijia moja kwa moja. Kwa hiyo ifunge ubavuni mwa njia, si mwisho wa njia. Iepushe na mashine ya kiyoyozi inayopuliza hewa ya moto, la sivyo itawaka usiku kucha. Kichwa kielekee chini. Majirani nao wanalala.

Seti ya volti 12 ndiyo iliyonivutia zaidi, ila waya wake unanitia wasiwasi. Piga hesabu: wati 24 kwenye volti 230 ni takriban ampea 0.1, lakini kwenye volti 12 ni ampea 2. Mkondo mkubwa, yaani ampea nyingi, ukipita kwenye waya mwembamba, volti zinapungua njiani. Hebu angalia hii ya mwisho kwenye mstari, imefifia ukilinganisha na ya kwanza. Dawa yake ni waya mnene zaidi, au kuiweka transfoma katikati na kugawa taa pande mbili. Jumla ya wati isifikie kikomo cha transfoma, bakiza kama asilimia 20. Jembe likikata waya huu, hatari ya kupigwa na umeme ni ndogo mno kuliko kwenye umeme wa nyumbani. Lakini upande unaoingia kwenye transfoma ni umeme kamili, kwa hiyo mwite fundi, akuwekee na kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachokata umeme unapovuja.

Uamuzi wangu: kwa bustani unayokaa jioni, nunua seti ya volti 12, badilisha waya, ongeza swichi ya saa ijizime mnapoingia kulala. Ya sensa weka moja tu, karibu na mlango. Ya sola inafaa pembe ya mbali palipo na jua na pagumu kufikisha waya, lakini hii niliyoshika siinunui hadi mtengenezaji aandike namba ya IP kwenye boksi.