Madigadi yangu imekwenda na wa vyuma chakavu

Kama gari lako ni la zamani na bado lina bati lake la kiwandani, soma hapa kabla hujawaachia mafundi wa gereji hii funguo.

Langu ni Beetle, ile ya taa za mbele zilizolala, kioo kikifuata mteremko wa madigadi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Volkswagen walianza kuziweka wima. Madigadi ya mbele kushoto ilikuwa imebonyea, na kutu kidogo pembezoni, haijatoboka popote. Tukakubaliana inyooshwe: nyundo, chuma cha kuegemeza kwa ndani, joto kidogo pale bati lilipovutika. Basi.

Nakwenda kuangalia kazi, nakuta madigadi mpya. Ya taa zilizosimama! Gari linatazama watu kwa macho yasiyo ya mama mmoja.

"Fundi, yangu iko wapi?"

Hata kichwa hakuinua. "Lile kopo? Limekwenda na wa vyuma chakavu, bosi. Nimekuwekea mpya, hufurahi?"

Mpya gani? Ukiikandamiza kwa kidole gumba inabonyea. Matundu ya bolti hayakukutana na ya bodi, akayapanua kwa tupa, na mwanya uliobaki karibu na boneti akaushindilia puti, ule uji mzito wa kuzibia bodi unaokauka ukawa mgumu. Niliweka sumaku pale, ikadondoka, maana puti si chuma. Isitoshe, madigadi ya Beetle imefungwa kwa bolti tu. Ingekuwa ni kubadilisha, ningejifungia mwenyewe kwa spana. Nilimlipa anyooshe.

Ningewaambia mkimbieni, lakini kuna milango. Mihimili ya chini yake, ile inayopitisha hewa ya moto, ililiwa na kutu mpaka bisibisi inapenya. Wapo ambao wangebandika viraka na kupaka lami juu. Huyu aliikata yote akaweka mipya, na kabla ya kukata alichomelea vyuma vya kushikilia nafasi za milango ili bodi isijipinde. Sasa milango inafunga bila kubamiza. Hapo kubadilisha ndiko kulikotakiwa, kwa sababu chuma kinachobeba gari kikishaoza hakuna cha kunyoosha. Kazi safi, namkubali.

Na hilo ndilo linaloniudhi zaidi: kumbe anajua! Nyota tatu, basi. Hapana, nimekumbuka "lile kopo". Moja.

Mwenye madigadi ya kushoto ya taa zilizolala aniambie, hata kama imebonyea. Kunyoosha nitampelekea mwingine.