Miezi mitatu na kozi ya mtandaoni ya kudhoofisha hoja: uzoefu wangu

Niliilipia kozi hii kwa sababu ya aina moja tu ya swali. Kusoma na kuelewa nilikuwa nakumudu. Ila likija lile la "lipi kati ya haya, likiwa kweli, linadhoofisha zaidi hoja hii?" na hoja yenyewe ikawa ya sababu na matokeo, nilikuwa nabaki na machaguo mawili, nachagua moja, kumbe jibu ni lile nililoliacha. Karibu kila mara.

Kwa anayejiandaa na LSAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya sheria Marekani na Kanada, hilo si la kupuuza. Tangu Agosti 2024 sehemu ya mafumbo ya mantiki imeondolewa, na kati ya sehemu tatu zinazohesabiwa alama, mbili ni za kuchambua hoja. Kila moja ni ya dakika 35, yaani kama dakika moja na nusu kwa swali, wakati mwingine pungufu.

Unapata video, benki ya maswali na maelezo ya kila chaguo. Video ni za kawaida. Mwalimu anaongea kama anayeamuru imla, nikawa naziharakisha. Somo la tatu, hata hivyo, nimelirudia mara nne. Linakutaka ufunike machaguo kwa mkono kwanza, uandike mstari mmoja: A na B vimeonekana pamoja, mwandishi anadai A imeleta B. Halafu ujiulize kama si B iliyoleta A, au kama hakuna C iliyovileta vyote viwili.

Mfano wao umetoka kwenye tafiti halisi. Mwaka 1999 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliokuta kwamba watoto waliolala na taa ikiwaka kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata tatizo la kutoona mbali. Ukisoma upesi, unainuka kwenda kuzima taa ya mtoto. Mwaka uliofuata, katika jarida hilohilo, watafiti wengine hawakuuona uhusiano huo. Walichokiona ni kwamba wazazi wenye tatizo la kutoona mbali ndio waliokuwa wakiacha taa zaidi chumbani kwa watoto, na tatizo hilo huelekea kuandama familia. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa natafuta chaguo linalosema ushahidi ni wa uongo, kumbe maelezo kuhusu wazazi yanaweza kuziacha takwimu zote za mwanzo zilivyo na bado hitimisho likalegea.

Sasa lawama. Kuna swali kwenye benki yao: wauzaji waliohudhuria mafunzo ya kampuni waliuza zaidi ya wenzao, hivyo mafunzo yameongeza mauzo. Chaguo B: baadhi ya wasiohudhuria nao waliuza sana. Chaguo D: mameneja waliwapeleka mafunzoni wale waliokuwa tayari wanaongoza kwa mauzo. Jibu ni D, na hapo hatugombani. Lakini maelezo yalisema B nayo inadhoofisha "vizuri, ila kidogo kuliko D", kwa kuwa ni matokeo yaliyotokea bila sababu. Nikabaki nakodolea macho kioo. Hoja haikudai kwamba mafunzo ndiyo njia pekee ya kuuza sana! Na "baadhi" wanaweza kuwa watu wawili. B haiigusi hoja hata kidogo. Laiti ingesema wasiohudhuria kwa jumla waliuza sawa na waliohudhuria, hapo sawa, ingawa basi ingegongana na maelezo ya swali lenyewe.

Niliwaandikia. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: asante kwa maoni yako. Maelezo hayajabadilishwa mpaka leo.

Na hili halikuwa la bahati mbaya. Kozi inapenda mno majina ya mbinu: sababu mbadala, sababu iliyogeuzwa, sababu bila matokeo, matokeo bila sababu, takwimu mbovu. Wiki za mwanzo majina hayo yalinisaidia kweli. Baadaye nikajikuta nalisaka jina kwenye machaguo badala ya kusoma sentensi, na waandishi wa mtihani wanalijua hilo. Huweka chaguo lenye sura ya sababu mbadala lakini linalozungumzia kundi jingine kabisa la watu. Kozi haionyi popote juu ya mtego huu.

Kati ya nyota tano naipa tatu. Anayeanza kabisa achukue mwezi mmoja, afanye somo la tatu na maswali yake yote, video nyingine aziruke. Aliyekwisha kukaa na mitihani ya zamani hatapata kipya. Mimi sikuongeza muda ulipoisha. Nimebaki na daftari la makosa, kushoto naandika chaguo lililonivuta, kulia neno moja lililonidanganya. Ukurasa wa kwanza, upande wa kulia, "baadhi" limeandikwa mara sita.